Picha ya Chakula Ni Ahadi kwa Mteja

Siku hizi asali inaweza kununuliwa Bunia kabla haijatoka Mambasa. Mama anaipiga picha kwa simu, anaiweka kwenye status ya WhatsApp, na mteja aliye mbali anaamua kwa macho tu. Haonji, hanusi wala hashiki. Anachokiona ndicho anachonunua.

Fikirieni asali nzuri iliyopigwa picha usiku, ndani ya nyumba, kwa mwanga wa tochi. Chupa inaonekana nyeusi kama mafuta machafu ya pikipiki. Aliyepanda mti mrefu msituni alihatarisha maisha yake kuileta, lakini mteja anaiangalia na kupita.

Kuna kosa la pili, nalo ni baya zaidi. Mama anachukua picha ya kupendeza kwenye intaneti, ya asali ya watu wengine, na kuiweka kama yake. Mteja analipa. Chupa ikifika, rangi ni nyingine na ukubwa ni mwingine. Hatanunua tena, na majirani zake watajua. Picha mbaya inakupotezea soko la siku moja. Picha ya uongo inakupotezea jina.

Ulimwengu umechoka na udanganyifu

Zamani wapiga picha wa kampuni kubwa walikuwa na hila nyingi. Walimimina gundi nyeupe mahali pa maziwa, na mafuta ya injini mahali pa asali au sharubati, kwa sababu vitu hivyo vilikaa vizuri mbele ya kamera. Kampuni ya supu ya Campbell ya Marekani iliingia matatani kwa jambo la namna hiyo. Katika matangazo yake, vigololi vya kioo, vile watoto wanavyochezea, viliwekwa chini ya bakuli ili mboga zisizame na supu ionekane imejaa. Mwaka 1970 tume ya serikali inayosimamia biashara iliibana, na kampuni ikakubali kuacha.

Mtindo wa sasa unakwenda upande mwingine. Kampuni nyingi zinapenda mwanga wa jua kuliko taa kali. Wanaacha makombo mezani, wanaonyesha mikono ya mpishi, wanaonyesha shamba chakula kilikotoka. Video fupi zimeongezeka: asali inamiminwa, mkate unamegwa, mvuke unapanda. Wakati huohuo kumetokea picha zinazotungwa na kompyuta, za chakula ambacho hakijawahi kupikwa. Kwa hiyo mnunuzi anazidi kutafuta dalili kwamba kitu hiki kipo kweli, na kuna mtu aliyekitengeneza.

Hiyo ni habari njema kwetu. Hatuna studio, lakini jua tunalo, mikono tunayo, na shamba lipo nyuma ya nyumba. Hata jina la mahali linauza. Jirani zetu wa Mutwanga, katika teritwari ya Beni, wana kiwanda kinachotengeneza chokoleti kwa kakao ya wakulima wa huko, nayo inauzwa kwa jina la Virunga. Mambasa nasi tuna kakao, tuna asali ya msitu, tuna mafuta ya mawese.

Namna ya kupiga picha nyumbani

Anza kwa kupangusa jicho la kamera kwa kitambaa safi. Simu ya mama anayepika huwa na mafuta na moshi, na ukungu kwenye picha mara nyingi hutoka hapo.

Chagua saa. Sisi tuko karibu na ikweta, na mchana jua linasimama juu ya kichwa na kuleta vivuli vikali. Piga asubuhi kabla ya saa tatu, au jioni baada ya saa kumi. Kaa mlangoni au kwenye baraza, mwanga utokee upande mmoja. Upande wenye giza, simamisha karatasi au kitambaa cheupe kirudishe mwanga. Usipige chini ya migomba, kwa maana majani hutupa rangi ya kijani juu ya chakula.

Kila chakula kina namna yake. Asali iwekwe mbele ya mwanga ili ung'ae ndani ya chupa. Mawese yaonekane wekundu wake, na chupa ifutwe nje. Kakao ionyeshwe imekauka vizuri, imetandazwa juu ya mkeka. Sombe ipigwe picha mara tu inapotoka motoni, kabla mvuke haujaisha. Weka kijiko au mkono kando, mteja ajue ukubwa. Chini tandika kitambaa cha rangi moja, maana kitenge chenye maua mengi kinashindana na chakula.

Picha tatu zinatosha: moja ya chupa nzima na etiketi yake, moja ya karibu, moja ya mikono ikifanya kazi. Mega ni ghali, usizimalize kwa picha ishirini. Status hupotea baada ya saa 24, lakini WhatsApp Business, ambayo ni ya bure, ina katalogi ya kuhifadhi picha pamoja na bei. Andika kipimo wazi: lita, kilo au chupa.

Uso wa mtu si pambo

Jambo moja tusilisahau. Asali nyingi ya msitu huletwa na ndugu zetu Wambuti. Picha ya uso wao inavutia wanunuzi, na kwa hiyo kuna kishawishi cha kuipiga na kuitumia bila kuuliza. Aulizwe kwanza. Aonyeshwe picha. Aelezwe itakwenda wapi, na wapatane atapata nini. Akikataa, basi, mzinga na chupa vinatosha. Hata watoto wetu tusiwaweke kwenye etiketi kirahisi, kwa maana picha ikishatoka hairudi. Tusionyeshe pia mahali tunapoweka bidhaa na fedha. Nyakati hizi zinatudai uangalifu.

Katika kikao kijacho, kila kikundi kilete bidhaa moja na simu moja. Tutapiga picha mlangoni, halafu tutaweka picha na bidhaa pamoja mezani. Tutajiuliza: aliyeona picha hii tu, akifungua mzigo wake kule Bunia, atafurahi au atasikitika? Kama atafurahi, picha hiyo iende sokoni.