Kuchagua Seva ya Mazungumzo

Leo tutazungumza habari za Matrix, mtandao wa mazungumzo ulioanza mwaka 2014, usio na mwenyewe mmoja. Wengi wanaoanza kuutumia hukwama mlangoni kwa swali hili: "Nijiandikishe katika seva ipi?"

Kwanza, seva ni nini? Ni kompyuta inayokesha mchana na usiku ikipokea ujumbe wako na kuutunza. Ifikirieni kama posta. Mwenye sanduku katika mji mmoja humwandikia mwenye sanduku katika mji mwingine, kwa kuwa posta hupelekeana mifuko. Vivyo hivyo, wewe ukiwa katika seva moja na nduguyo katika nyingine, mtazungumza. Hapana haja ya watu wote kujazana mahali pamoja.

Basi kama seva zapatana, tuchague kwa nini? Kwa sababu anwani yako hubeba jina la seva: mwanzo jina lako, kisha nukta mbili, kisha jina la seva. Anwani hiyo haihamishiki. Seva ikifungwa, itakubidi ufungue anwani mpya na kuwaarifu rafiki zako wote.

Haya yamekwisha kuonekana. Mwezi wa Aprili, 2019, mvunjaji aliingia katika seva kubwa ya matrix.org. Wasimamizi waliizima, wakawatoa watumiaji wote. Waliokuwa hawakuweka akiba ya funguo zao walipoteza mazungumzo yao ya zamani yaliyofungwa kwa siri. Seva nyingine hazikuguswa.

Kwa hiyo, kabla ya kujiandikisha, uliza mambo manne.

La kwanza: nani anaiendesha? Je, amejitaja, na ameeleza jinsi ya kumfikia? Ujumbe uliofungwa kwa siri hawezi kuusoma, lakini aweza kuona unazungumza na nani, na saa ngapi. Mtu huyo yafaa awe mwaminifu.

La pili: nani analipa? Seva hula umeme na fedha kila mwezi. Isiyo na mlipaji anayejulikana yaweza kuzimika ghafula.

La tatu: wasimamizi ni wangapi? Akiwa mmoja tu, akiugua au akichoka, nani atashika kazi?

La nne: sheria zake ni zipi? Zisome zote, usiruke.

Ukiwa na rafiki anayeitumia seva fulani kwa miaka kadhaa bila matata, ushauri wake una thamani kuliko sifa za matangazo.

Kazi yenu ya wiki hii ni hii: chagueni seva kwa kufuata maswali hayo manne. Mkisha kujiandikisha, programu itawapa ufunguo wa akiba. Uandikeni katika karatasi, muuweke pamoja na hati zenu za nyumbani, wala msimwonyeshe mtu.

Kwa herini, wasikilizaji.