Joto la Pikipiki Katika Milima ya Karagwe na Kyerwa

Katika Wilaya za Karagwe na Kyerwa, Mkoani Kagera, pikipiki ndiyo miguu ya Serikali. Bwana shamba aendaye kukagua mibuni, mhudumu wa afya apelekaye chanjo, na Mtendaji wa Kata aitishaye mkutano, wote hukitegemea chombo hicho. Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, makao makuu ya wilaya yaliwasogelea wananchi, lakini vilima havikupungua. Yafaa basi tuzungumzie jambo ambalo waendeshaji wengi hulivumilia kimya kimya, nalo ni joto kali la injini linalowaunguza mapaja na miguu wakiwa safarini.

Wapo wanaodhani kwamba joto hilo ni la kawaida, na kwamba anayelilalamikia ni mlegevu. Mawazo hayo ni ya hatari. Injini ya petroli hugeuza kama robo tu ya nguvu iliyomo katika mafuta kuwa mwendo. Sehemu kubwa inayobaki ni joto, na joto hilo sharti litoke, ama kwa njia ya ekzosi, ama kwa njia ya mapezi ya chuma yaliyoizunguka silinda.

Wasomaji wetu wa visiwa vya Bumbire, Goziba na Ukerewe wataelewa jambo hili upesi. Mashine ya mtumbwi hupoozwa kwa maji ya ziwa. Mvuvi huutazama mchirizi wa maji utokao ubavuni mwa mashine, na ukikatika huizima mara moja, maana ajua kwamba akiendelea ataiua. Pikipiki nyingi za kazi hazina maji ya kuzipooza. Hutegemea upepo wa mwendo wao wenyewe, na upepo hauna mchirizi wa kutazamwa. Onyo la kwanza hulipata goti la mwendeshaji.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa Karagwe na Kyerwa. Miinuko mingi huko hupita mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa huwa nyepesi kuliko ya pwani kwa kama sehemu moja ya saba. Injini hupungukiwa nguvu, na hewa inayoipooza nayo ni haba. Mwendeshaji aliyepakia abiria na mkungu wa ndizi hulazimika kupanda mlima kwa gia ndogo. Injini huzunguka kwa kasi, ilhali chombo chenyewe kinatambaa. Kwa hiyo inapofanya kazi kubwa kuliko zote, ndipo inapopata upepo mdogo kuliko wote. Hata pikipiki kubwa za watalii, zenye rejeta na feni, hazisalimiki, kwa kuwa katika mwendo wa polepole feni hupuliza hewa ya moto miguuni mwa mpandaji.

Dawa yake haihitaji utaalamu mkubwa. Udongo ulioganda katikati ya mapezi ya silinda uoshwe, injini ikiwa imepoa. Kamwe maji baridi yasimwagwe juu ya injini yenye moto. Oili ipimwe kila asubuhi. Injini ndogo hubeba kama lita moja tu, na ikipungua kidogo hasara yake ni kubwa. Breki inayogusa gurudumu wakati wote na mnyororo uliokazwa kupita kiasi huitwisha injini mzigo usio na faida. Kifuniko cha mpira au gunia kinachowekwa mbele ya injini ili kuzuia matope huzuia upepo pia. Na baada ya mlima mrefu, dakika chache za kupumzika kivulini ni sehemu ya kazi.

Abiria naye asisahauliwe. Ekzosi huweza kupita nyuzi 100, yaani joto la maji yanayochemka, na mguu wa mtoto huungua kwa mguso mmoja. Kila pikipiki ibebayo watu iwe na kinga imara juu ya ekzosi, na abiria ashukie upande usio na bomba hilo. Aliyeungua amwagiwe maji safi yanayotiririka, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno, mafuta wala udongo. Jeraha likiwa kubwa, au likiwa la mtoto mdogo, apelekwe kwenye kituo cha afya bila kuchelewa.

Tunawageukia sasa viongozi wa idara na halmashauri. Idara inayotoa petroli ya safari bila kutoa oili, vipuri na siku ya matengenezo imetoa nusu ya usafiri. Mtumishi anayetoa taarifa kwamba pikipiki yake inamuunguza asikilizwe, na fundi aitazame kabla ya safari inayofuata. Dalili ya mvua ni mawingu. Injini ikikwama mlimani, chanjo hukaa njiani, na mama aliyetembea tangu alfajiri hurudi nyumbani na mtoto asiyechanjwa. Gharama ya lita moja ya oili ni ndogo mno kulinganishwa na hasara hiyo.