Parseli, mto na Leta: mambo ya kujua kabla ya kununua udongo Uvira



Sisi wachungaji wa Uvira tunaletewa karatasi karibu kila juma. Mwenye kuileta anataka tuombee parseli aliyonunua, au tuwe mashahidi wa mauzo, au tumwambie tu kama karatasi yake ni nzuri. Mara nyingi ni ukurasa mmoja wa daftari: jina la muuzaji, jina la mnunuzi, bei katika dola, sahihi tatu au nne, na kashe ya shefu wa avenyu. Kwa karatasi hiyo familia imetoa akiba ya miaka kumi. Tumeona vema tueleze karatasi ya namna hiyo inaweza nini na haiwezi nini, na kwa nini jambo hili haliwezi kutengwa na mito yetu na ziwa letu.

Tuanze na mji wenyewe. Uvira umebanwa kati ya milima ya Mitumba na Tanganyika. Ni ukanda mwembamba, na watu wanaendelea kuja: kutoka bonde la Ruzizi, kutoka milima ya juu, kutoka Fizi, wengine wakikimbia vita tangu 1996, wengine wakifuata biashara ya mpakani na Bujumbura. Ndani ya ukanda huo inashuka mito ya Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge. Kule juu mteremko ni mkali, na maji hukimbia yakibeba mawe na mchanga. Yanapofika penye tambarare yanapoteza nguvu na kutua mzigo wake. Mwaka baada ya mwaka njia ya mto inajaa, na siku moja maji yanatafuta njia nyingine. Sehemu kubwa ya udongo ambao mji umejengwa juu yake uliletwa na mito hiyo hiyo. Kwa hiyo Mulongwe unapohama, haupotei njia. Unarudi mahali ulipopita zamani, kabla avenyu hazijapewa majina.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 tuliona maana ya jambo hilo. Mvua kubwa ilinyesha milimani, Mulongwe ukavunja kingo zake. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zilibomoka, daraja likaenda, na mitambo ya REGIDESO inayochota maji katika mto huo huo ikaharibika, katika mji ambao kipindupindu hakijawahi kuuacha kwa muda mrefu. Ibada zilikuwa zimesimamishwa nchini tangu Machi kwa sababu ya Korona. Makanisa yakafunguliwa hata hivyo, si kwa ibada bali kwa mikeka na sufuria za waliokosa nyumba.

Wengi walisema ni mkono wa Mungu. Hatutabishana na mtu aliyezika watoto wake. Lakini mvua ilinyesha juu ya mji mzima, na nyumba zilizoondoka zilikuwa hasa zile zilizosimama karibu na mto au ndani ya njia yake ya zamani. Mtu fulani alikuwa amegawa parseli zile. Mtu fulani alikuwa ametia kashe.

Je, nani ana haki ya kugawa? Hapa ndipo panapochanganya watu, hata waliosoma. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 inasema kwamba udongo wote ni mali ya Leta peke yake. Raia hamiliki udongo wenyewe. Anapewa haki ya kuutumia, na kwa Mkongomani haki hiyo inaweza kuwa ya daima. Anachomiliki kweli ni nyumba na miti aliyoweka juu yake. Lakini kabla ya sheria hiyo, na baada yake pia, udongo wa hapa ulikuwa na wenyewe kwa desturi: mwami wa Bavira na wakubwa wa koo, na kwenda kaskazini Bafuliiru na watu wa bonde. Sheria ya 1973, katika kifungu cha 389, iliahidi kwamba amri ya Rais wa Jamhuri ingepanga haki za wenyeji juu ya udongo wanaoukalia kwa desturi. Zaidi ya miaka 40 ilipita bila amri hiyo kutolewa. Katika pengo hilo kila mmoja aliingia na kalamu yake: mkubwa wa ukoo anayeuza shamba la babu, shefu wa avenyu na shefu wa kartie wanaoshuhudia, komini inayoandika, kadasta inayopima, na konservateri wa hati za ardhi anayesajili. Shamba lililokuwa la mihogo linakuwa parseli kumi na mbili, na kila mnunuzi anaamini kwamba aliyempa karatasi ndiye Leta.

Ukweli ni kwamba karatasi hizo hazina uzito mmoja. Ile ya daftari yenye kashe ya avenyu ni ushuhuda kwamba fulani alimlipa fulani. Ina faida yake, msiitupe. Mbele ya hakimu inaweza kusaidia kuonyesha historia ya parseli. Lakini haikupi haki mbele ya Leta. Fishi inayotolewa na ofisi ya serikali ya mji ni hatua mbele kidogo, nayo pia si mwisho. Njia ya sheria inapitia kadasta, ambako parseli inapimwa na kupewa namba. Kisha unafanya mkataba wa kukodi na Leta, ambao hauzidi miaka mitatu. Ndani ya muda huo unatakiwa kujenga au kuitumia parseli kama ulivyoahidi. Ukiisha kutimiza hayo, unafanya mkataba wa haki ya daima, na konservateri anakuandikia hati ya usajili, ile ambayo wengi wanaiita sertifika. Kwa sheria yetu, haki juu ya udongo uliogawiwa na Leta inasimama kwa hati hiyo tu. Anayenunua kwa mtu mwenye sertifika anapaswa kuandikisha mabadiliko ya jina. Asipofanya hivyo, katika vitabu vya Leta mwenyeji bado ni yule muuzaji, hata kama amehamia Lubumbashi.

Kuna jambo moja tunalotaka lisikike hata na mama asiyejua kusoma. Sertifika ikiisha kukaa miaka miwili bila kupingwa, haiwezi kushambuliwa tena kirahisi. Aliyenyang'anywa atabaki kudai fidia, si parseli. Maana yake, mjane anayekaa kimya "akingoja Bwana amtetee" huku shemeji akipeleka faili kwa konservateri anaweza kuamka siku moja akiwa mpangaji katika nyumba aliyoijenga pamoja na mume wake. Muda unahesabiwa. Aende aulize kwenye ofisi mapema, na mzee mmoja wa kanisa amsindikize.

Sasa turudi kwenye mto. Kwa nini serikali ya mahali ikubali parseli katika njia ya maji? Tumesikia watu wakisema ni rushwa tu. Rushwa ipo, lakini tukiishia hapo hatutaelewa. Katiba ya 18 Februari 2006 ilisema mikoa ibaki na asilimia 40 ya mapato ya taifa, na sheria ya 7 Oktoba 2008 ikasema miji, komini, sekta na sheferi zipate asilimia 40 ya fungu hilo la mkoa. Ingelikuwa hivyo, meya wa Uvira angekuwa na pesa za kusafisha mito na kujenga kingo. Pesa hizo hazikuteremka kama ilivyoandikwa. Ofisi isiyo na fungu huishi kwa ada: ada ya soko, ada ya kivuko, ada ya karatasi. Na karatasi ya parseli huleta ada kila inapoandikwa. Parseli iliyokatazwa haileti kitu. Kwa hiyo ukanda wa mto ulioachwa wazi, ambao ndio kinga ya mji mzima, katika hesabu ya ofisi unaonekana kama hasara. Sisi tunaona hiki ndicho chanzo, kuliko ubaya wa mtu huyu au yule. Ongezeni kwamba sheria hiyo hiyo ya 2008 ilitaka mji uwe na baraza lililochaguliwa, na uchaguzi wa madiwani wa Desemba 2023 ulifanyika katika miji mikuu ya mikoa tu. Uvira haukupiga kura hiyo. Anayegawa mji hawajibiki kwa wanaokaa ndani yake. Anawajibika kwa aliyemteua.

Hatusemi kwamba viongozi hawajafanya chochote. Kuna mitaro iliyozibuliwa kwa salongo, kuna nyumba za kandokando ya mto zilizowekewa alama, kuna maji yaliyorudi kwa msaada wa wafadhili. Lakini kuondoa watu bila kuwapa mahali ni kuwahamisha kutoka kingo moja hadi nyingine. Na mipango ya mji yenyewe ilitegemea dekreti ya 20 Juni 1957, ya wakati wa Wabelgiji, iliyoandikwa kwa ajili ya Uvira mdogo sana. Huko Kiliba, mashamba ya kiwanda cha sukari kilichosimama 1996 yanaonyesha upande mwingine wa shida: udongo mwingi, tambarare, wenye jina la zamani juu yake, na vijana wa mjini wakijenga juu ya mawe ya mto.

Upande wa ziwa mambo ni yale yale, ila yanakwenda polepole. Tanganyika hutoa maji kwa mlango mmoja tu, mto Lukuga huko Kalemie. Katika karne ya kumi na tisa mlango huo uliziba, ziwa likapanda sana, mpaka lilipofungua njia tena mnamo 1878 na kushuka mita nyingi. Mwaka 1964 lilipanda tena baada ya mvua za miaka ile. Wazee wa Kalundu na Kavimvira walijua maji yalifikia wapi. Watoto wao waliona ufuko mkavu, wakauza. Kuanzia 2020, na zaidi 2024, maji yakarudi: bandari ya Kalundu ikazama, nyumba na hoteli za ufukoni zikaingia majini, na ng'ambo kule Gatumba na Bujumbura majirani zetu wakahama kama sisi. Ziwa likishuka, na litashuka, wauzaji watatokea tena na kamba zao za kupimia. Ndiyo maana tunaandika sasa.

Katika Yeremia 32 nabii ananunua shamba la Anathothi kwa binamu yake Hanameli, wakati Yerusalemu umezingirwa na yeye mwenyewe yuko kifungoni. Wengi wetu tumehubiri imani yake. Angalieni pia uangalifu wake. Alipima fedha mbele ya mashahidi. Aliandika hati mbili, moja ikatiwa muhuri na nyingine ikabaki wazi ili isomwe. Alimpa Baruku mwandishi azitunze katika chombo cha udongo zidumu. Yote hayo katika nchi iliyokuwa inaanguka! Sisi tunaweka karatasi pekee ya nyumba chini ya godoro, katika avenyu inayofurika.

Basi, ndugu akileta parseli ili iombewe, twende naye kwanza kuiona, na twende wakati wa mvua. Tuangalie kama mawe yake ni ya mviringo, kwa maana mawe ya mviringo yaliletwa na maji. Tumwulize jirani mzee maji yalifika wapi mwaka 2020 na ziwa lilifika wapi 1964. Tumpeleke kadasta kuuliza kama parseli hiyo ina namba na jina la mtu mwingine. Mume na mke wote wawili waandikwe kwenye mkataba. Na nakala iwekwe kwa ndugu anayekaa mbali na mto.

Tena kuna parseli zetu sisi makanisa. Nyingi zilinunuliwa na mchungaji kwa jina lake, kwa nia njema, wakati parokia ilikuwa watu thelathini chini ya mwembe. Mchungaji akifa, watoto wake wanaona jina la baba. Kwa sheria ya 20 Julai 2001 jumuiya yenye utu wa kisheria inaweza kuandikwa yenyewe kama mwenyeji, na hapo ndipo jina linapopaswa kuwa. Kila halmashauri ya kanisa itafute faili yake kabla ya mvua za Septemba. Pasipo na faili, wawepo mashahidi: mzee aliyekuwapo siku ya kununua aandikishwe maneno yake mbele ya shefu wa kartie, aonyeshe mpaka kwa miguu yake, angali anakumbuka mti ulisimama wapi.