Dawa Imeachwa, Mwili Bado Wasumbuka

Leo twataka kusema nanyi juu ya jambo linalofichwa sana katika nyumba zetu hapa kisiwani Mombasa. Mtu aliugua ugonjwa wa huzuni, daktari akampa dawa kama amitriptilini au fluoksetini, naye akapata nafuu. Kisha akaiacha ghafula. Labda fedha zilikwisha, au aliambiwa ya kwamba mwenye imani hamezi vidonge.

Baada ya siku chache taabu huanza. Kichwa chazunguka, usingizi wapotea, ndoto zatisha, tumbo lachafuka, machozi yatoka bila sababu. Wengine husikia kichwani mshtuko kama wa umeme. Jirani husema ni pepo. Mgonjwa hujilaumu kwamba imani yake ni haba.

Ndugu zetu, sivyo. Ubongo ulikwisha kuizoea dawa, na sasa wajifunza kufanya kazi bila hiyo. Kwa wengi taabu hupita katika majuma machache. Kwa wengine hudumu miezi, hata zaidi. Mwaka 2019 Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Akili cha Uingereza kilikubali wazi ya kwamba kwa watu wengine taabu hii ni kali na ya muda mrefu. Basi tusimwambie mgonjwa kwamba anajisingizia.

Taabu ya kuacha dawa huja upesi, pamoja na mambo ambayo hapo kwanza hayakuwapo, kama ile mishtuko. Ugonjwa wenyewe ukirudi, mara nyingi huja polepole. Lakini wa kupambanua ni daktari.

Kila avukaye Likoni ajua kwamba feri hupunguza mwendo kabla haijagusa nchi kavu. Dawa nayo huachwa kidogo kidogo, kwa kuongozwa na daktari, na kuelekea mwisho hatua huwa ndogo zaidi. Aliyekwisha kuiacha naye anateseka, arudi hospitali. Daktari akiona yafaa, aweza kumrudishia kiasi kidogo na kukipunguza upya. Huko si kushindwa.

Nyumbani, mgonjwa alale na kuamka kwa saa zile zile. Jioni atembee Mama Ngina penye upepo. Kahawa chungu ya usiku, miraa na pombe aviache. Mwenye kizunguzungu asiendeshe pikipiki, na katika ngazi za nyumba za Mji wa Kale ashike ukuta. Siku njema na mbaya aziandike katika daftari. Ataona zapishana kama maji kujaa na kupwa. Lakini akisema ataka kufa, msimwache peke yake. Mpelekeni Coast General siku ile ile.

Katika 1 Wafalme sura ya 19, nabii Eliya aliomba kufa chini ya mti. Malaika hakumkemea. Alimpa chakula na maji. Eliya akalala tena, akalishwa mara ya pili, ndipo akaweza safari ya siku 40. Ikiwa Mungu hakumharakisha mtumishi wake, sisi ni nani tumharakishe ndugu yetu?

Tuombe. Ee Baba, wape subira wanaosumbuka, nasi utupe moyo wa kukaa nao. Amina.