Fedha za Mradi wa Maji wa Kijiji: Zinatoka Wapi, na Wajibu Wetu Unaanzia Wapi

Swali ambalo wananchi huliuliza mara nyingi katika mikutano ya vijiji ni hili: ikiwa Serikali imetoa fedha za kuchimba kisima, kujenga tangi na kulaza mabomba, kwa nini mwananchi atozwe fedha anapochota ndoo ya maji? Swali hilo ni la haki na linastahili jibu kamili. Makala haya yanaeleza njia ambayo fedha za umma hupitia hadi kufika katika mradi wa kijiji, mahali ambapo njia hiyo huishia, na kazi inayobaki mikononi mwa chombo cha wananchi wenyewe.

Fedha za ujenzi

Hadi katikati ya mwaka 2019, miradi ya maji vijijini ilisimamiwa na halmashauri kupitia Mhandisi wa Maji wa Wilaya. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Namba 5 ya mwaka 2019 ilibadili utaratibu huo. Sheria hiyo ilianzisha Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA, ulioanza kazi tarehe 1 Julai 2019. Tangu hapo, usanifu, ujenzi na usimamizi wa miradi ya maji vijijini uko chini ya Wakala huo, na kila wilaya ina Meneja wake. Kwa hiyo, mwananchi mwenye hoja kuhusu ujenzi wa mradi aanzie kwa Meneja wa RUWASA wa Wilaya. Halmashauri imebaki na majukumu mengine, ambayo tutayataja hapa chini.

Fedha zenyewe zina vyanzo vikuu vitatu. Cha kwanza ni bajeti ya Serikali inayoidhinishwa na Bunge kila mwaka. Cha pili ni Mfuko wa Taifa wa Maji, ambao kazi yake ni kugharimia uwekezaji katika huduma za maji na utunzaji wa maeneo ya vyanzo. Sehemu kubwa ya fedha za Mfuko huu hutokana na tozo ya shilingi 50 katika kila lita ya petroli na dizeli, iliyoanza katika mwaka wa fedha 2015/16. Maana yake ni kwamba hata mkulima anayepanda bodaboda kwenda sokoni amekwisha kuchangia bomba la kijiji fulani. Cha tatu ni misaada na mikopo ya washirika wa maendeleo.

Katika kundi hili la tatu upo mfano ambao wananchi wanafaa kuufahamu. Programu ya maji na usafi wa mazingira vijijini iliyofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2018 iliwekewa utaratibu wa malipo kwa matokeo. Fedha hazitolewi kwa sababu bomba limelazwa, bali baada ya kuhakikiwa kwamba matokeo yamepatikana. Miongoni mwa yanayopimwa ni vituo vya maji kuendelea kufanya kazi, na shule na vituo vya afya kuwa na vyoo vinavyofaa. Katika utaratibu wa namna hii, kituo kisichotoa maji hakihesabiki, hata kama kilizinduliwa kwa ngoma na hotuba.

Kwa nini ruzuku haiendeshi pampu

Jibu la swali letu la mwanzo limo katika historia ya nchi yetu. Mwaka 1971 Serikali ilianzisha mpango wa miaka 20 wa kufikisha maji vijijini. Lengo lilikuwa kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi awe na maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Katika mpango huo Serikali ilibeba mzigo wote: ilijenga, ilinunua dizeli, ilimlipa fundi na ilileta vipuri. Mwananchi alichota bila malipo.

Miradi mingi ilijengwa, lakini lengo halikufikiwa. Uchumi ulipoyumba, fedha za uendeshaji zilipungua. Pampu ikiharibika, kijiji kilisubiri fundi kutoka wilayani, na wilaya ilisubiri fedha kutoka juu. Kwa kuwa mradi ulihesabiwa kuwa mali ya Serikali, wengi hawakuona kuwa ni wajibu wao kuutengeneza. Sera ya kwanza ya Maji ilitolewa mwaka 1991. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ndiyo iliyoeleza bayana mgawanyo mpya wa wajibu vijijini: Serikali husaidia ujenzi, na jamii hugharimia uendeshaji na matengenezo kupitia chombo chake yenyewe.

Hata baada ya hapo somo halikukolea mara moja. Vituo vya maji vya vijijini vilipohesabiwa nchi nzima mwanzoni mwa muongo wa 2010, karibu vinne kati ya kila kumi vilikutwa havifanyi kazi. Ruzuku ya ujenzi ilikuwa imetumika, lakini hakukuwa na chombo imara cha kuendeleza huduma. Kwa maneno mengine, fedha ya umma hujenga mara moja, ilhali mradi unahitaji kutunzwa kila siku.

Chombo cha jamii ni nini

Sheria ya mwaka 2019 inatambua Vyombo vya Utoaji Huduma ya Maji ngazi ya Jamii, ambavyo wengi wetu tunavijua kwa jina la kifupi la CBWSO. Hapo awali zilikuwapo kamati za maji na jumuiya za watumia maji. Chombo cha sasa hutofautiana na kamati ya zamani kwa mambo manne.

Kwanza, chombo husajiliwa na huwa na katiba. Kinaweza kuingia mkataba, kushtaki na kushtakiwa. Pili, kinatakiwa kuwa na watendaji wenye ujuzi, hasa fundi na mhasibu, badala ya kutegemea wajitoleaji pekee. Tatu, chombo kimoja kinaweza kuhudumia vijiji kadhaa. Kijiji kimoja kidogo aghalabu hakimudu kumlipa fundi, lakini vijiji vinne vikiungana vinaweza. Nne, chombo hakiundwi kwa ajili ya kupata faida. Ziada inayopatikana haigawanywi kwa wajumbe; huwekwa akiba kwa ajili ya matengenezo na upanuzi wa mtandao.

Ni vema kutofautisha chombo na Serikali ya Kijiji. Fedha za maji si mapato ya kijiji ya kulipia posho za vikao au kuezeka ofisi. Zina akaunti yake ya benki na vitabu vyake. Hata hivyo, Serikali ya Kijiji ina haki na wajibu wa kuhakikisha kwamba taarifa ya chombo inasomwa mbele ya wananchi.

Hesabu ya ndoo

Tuchukue mfano wa kijiji chenye wakazi 2,500. Kwa kipimo cha Sera ya mwaka 2002, kila mkazi anastahili angalau lita 25 kwa siku, na kituo kimoja kinahudumia watu 250. Kijiji hicho kinahitaji basi vituo 10 na lita 62,500 kwa siku, ambazo ni ndoo 3,125 za lita 20.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba wananchi wamekubaliana shilingi 20 kwa ndoo. Kwa siku ni shilingi 62,500, na kwa mwezi wa siku 30 ni shilingi 1,875,000. Kutoka katika fedha hizo chombo kitalipia umeme au dizeli, ujira wa fundi, mhasibu na wauzaji wa vituoni, dawa ya kutibu maji, na vifaa vidogo kama koki na viungio. Kinachobaki ndicho akiba ya siku ambayo pampu itaungua.

Sasa tuseme nusu ya ndoo hazilipiwi, ama kwa sababu ya kujuana, ama kwa sababu fedha haikufika benki. Mapato yanashuka hadi shilingi 937,500, lakini bili ya umeme haishuki. Kinachokatwa kwanza ni akiba, kwa kuwa kukosekana kwake hakuonekani leo. Kisha pampu huungua, na mama aliyekuwa akichota jirani hurudi mtoni na ndoo kichwani.

Bei haipangwi na mtu mmoja. Chombo hupendekeza, wananchi hujadili, na idhini hutolewa kwa mujibu wa kanuni. Katika mjadala huo wapo wenzetu wasioweza kulipa: wazee wasio na msaada, watu wenye ulemavu, kaya zisizo na kipato. Ni vema mkutano uwatambue kwa majina na kuweka utaratibu wa kuwasaidia ulio wazi, kuliko kuachia huruma ya muuzaji wa kituoni.

Mashirika yasiyo ya kiserikali

Katika vijiji vingi kazi ya Serikali hukamilishwa na mashirika yasiyo ya kiserikali na taasisi za dini. Msaada wao wenye thamani kubwa si kisima peke yake. Mara nyingi ni mafunzo: namna ya kufunga hesabu za mwezi, namna ya kusoma dira, namna ya kufungua pampu ya mkono na kubadili mpira uliochakaa, namna ya kuandika katiba ambayo wananchi wataielewa. Kisima kisicho na watu waliofunzwa hakitofautiani na gari lisilo na dereva.

Shirika linalotaka kufanya kazi katika kata zetu sharti liwe limesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Namba 24 ya mwaka 2002, au sheria nyingine inayolihusu. Uongozi wa kijiji ukipokea wageni wenye ahadi ya mradi, uwaelekeze kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Halmashauri ili usajili wao uthibitishwe, na kwa Meneja wa RUWASA ili mradi uingie katika mpango wa wilaya. Kisima kilichochimbwa bila taarifa kinaweza kukosa vipimo vya ubora wa maji, na kikiharibika huwa hakina mwenyewe.

Kijiji nacho kiulize mapema: eneo la mradi limetolewa kwa maandishi na kwa ridhaa ya mwenye ardhi? Nani atapokea mradi siku ya makabidhiano? Vipuri vya pampu hiyo vinapatikana hapa nchini? Shirika likiondoka, chombo gani kitaendelea?

Maji na vyoo ni jambo moja

Sheria imeunganisha maji na usafi wa mazingira kwa sababu ya msingi. Maji safi yanayochotwa karibu na choo kibovu hayabaki safi. Shimo la choo linafaa liwe angalau mita 30 kutoka kisima, na liwe upande wa bondeni, si upande wa juu. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 za kingo za mto, ziwa au chanzo cha maji. Kilimo na ujenzi pembezoni mwa chanzo hupunguza maji ambayo ruzuku ya mamilioni ililenga kuyafikisha nyumbani.

Wananchi waelewe pia kwamba fedha za umma hujenga vyoo vya shule, zahanati na maeneo ya umma. Choo cha kaya kwa kawaida ni wajibu wa kaya. Hapa ndipo Halmashauri inapoingia, kupitia Idara ya Afya, Maafisa Afya wa Kata na sheria ndogo. Choo bora si lazima kiwe cha gharama kubwa. Kinatakiwa kuwa na sakafu inayosafishika, kuta, paa na mlango wa kusitiri, tundu lenye mfuniko, na maji na sabuni ya kunawia mikono.

Mambo ya kuuliza mkutanoni

Mkutano Mkuu wa Kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Taarifa ya maji isomwe hapo, na mwananchi yeyote mtu mzima anaweza kuuliza yafuatayo:

1. Chombo chetu kimesajiliwa, na viongozi wake walichaguliwa lini?
2. Katika miezi mitatu iliyopita tumekusanya kiasi gani, na kiasi gani kimepelekwa benki?
3. Vituo vingapi vinatoa maji leo, na vilivyosimama vimesimama tangu lini?
4. Akiba ya matengenezo ni kiasi gani, na ingetosha kununua pampu nyingine?
5. Maji yetu yalipimwa ubora lini mara ya mwisho?

Maswali haya si ya kumshambulia mtu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na kiongozi mwadilifu hufurahi kuulizwa akiwa na daftari mkononi. Majibu yakikosekana, hoja ipelekwe kwa Mtendaji wa Kijiji, kisha kwa Mtendaji wa Kata ili ifikishwe katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, na kwa Meneja wa RUWASA wa Wilaya.

Mwananchi anayelipa shilingi zake kituoni hainunui tena kile ambacho kodi yake imekwisha kununua. Analipia umeme wa leo, fundi wa kesho, na pampu itakayohitajika wakati ambao hakuna mgeni wa kuja kuizindua. Ana haki ya kujua kila shilingi ilipokwenda, na mahali pa kuidai haki hiyo ni katika mkutano ujao wa kijiji chake.