Kichujio Kinachohama Masafa

Antena ya kipokezi cha gigahezi 2 haichagui wageni. Simu, Wi-Fi na rada vyote hubisha hodi kwa pamoja, na kichujio ndicho kinachoamua nani aingie. Tatizo ni kwamba kichujio cha kawaida hutoka kiwandani na masafa yake yaleyale hadi kife.

Misingi ya kukihamisha ilianza na vichujio visivyohama. Mwaka 1958, Mmarekani Seymour Cohn alichapisha kanuni za kusanifu vichujio vya mistari ya shaba iliyolazwa sambamba. Mistari haigusani: nishati huvuka pengo kupitia uga wa umeme na wa sumaku. Pengo likipunguzwa, mkanda wa masafa yanayopita hupanuka.

Lakini masafa hufuata urefu wa shaba, na urefu huo haubadiliki. Hapo ndipo muundo wa chanuo, ulioelezwa na George Matthaei mwaka 1963, unapofaa. Mistari ni mifupi. Ncha moja ya kila mstari imeunganishwa na ardhi, nyingine ina kapasita. Kapasitansi ikishuka, masafa hupanda. Badala ya kapasita weka varakta, dayodi ambayo kapasitansi yake hupungua kadiri voltaji ya kinyume inavyoongezwa, na kichujio kitahama bila kuguswa.

Kuhama, kwa kweli, ndiyo sehemu rahisi. Ugumu uko kwenye upana wa mkanda, ambao nao hubadilika masafa yanapohama. Wimbi zima huhesabiwa nyuzi 360. Mistari ikifika nyuzi 90, robo ya wimbi, mvuto wa umeme na wa sumaku hufutana na hakuna kinachovuka; ikiwa mifupi mno, mkanda hubana vilevile. Katikati kuna mahali upana unapofikia kilele, na juu ya kilele mabadiliko huwa madogo. Mwaka 1982 nchini Uingereza, Ian Hunter na David Rhodes walionyesha kuwa mahali hapo ni karibu na nyuzi 53. Kwa gigahezi 2, katika hewa, huo ni mstari wa milimita 22 hivi.

Gharama yake ni dayodi. Ukinzani wake hula sehemu ya mawimbi, na mawimbi makali huipotosha hadi izae masafa ambayo hayakutumwa na yeyote. Kwa kipokezi cha mawimbi dhaifu, varakta inatosha. Kwenye kisambazaji chenye nguvu, haifai.