Umelipa, lakini taa inakataa kuwaka

Taa ya jua ya mkopo inafaa kwa mchimbaji wa Kasongo ao Salamabila: unalipa makuta kidogo-kidogo kwa telefone, unapata namba kwa SMS, unaiandika kwenye sanduku. Siku ulizolipia zikiisha, linajifunga.

Shida ni hii: masanduku mengi ya namna hii hayaoni makuta yako, yanajua namba tu. Rezo ikikatika, namba inachelewa, watoto wanakaa gizani na baba amekwisha kulipa. Na kama programu ya ndani imeharibika, fundi wa mtaa hawezi kitu. Ufunguo uko kwa kampuni.

Basi, mbele ya kusaini, uliza: fundi wenu anakaa fasi gani? Siku za giza mutazirudisha? Na uchunge SMS ya malipo: njo ushahidi wako.